Mgeni wa Siku Thelathini

Spika ilifika mezani kwa Shangazi Jumatatu asubuhi, ndani ya mfuko wa nailoni wenye kikaratasi kilichobandikwa: "Ya maonyesho. Haiwaki." Shangazi hakuwa na haraka nayo. Alimaliza chai yake kwanza, akafuta miwani kwa upindo wa koti la kazi, akavuta taa karibu, kisha akafungua skrubu nne za chini. Alipochungulia ndani, aliweka bisibisi chini.

Tundu la kuchajia lilikuwa limeng'oka. Vijiguu vyake vya mbele vilikuwa bado vimeshika, lakini vya nyuma vilikuwa vimenyanyuka kutoka kwenye ubao wa saketi kama ukucha ulioanza kuachia. Mtu mwingine angeona hitilafu ndogo tu. Shangazi aliona kitu anachokijua, kwa sababu wiki tano nyuma alikuwa amekitibu kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake, juu ya meza ya jikoni. Wala hakumwambia mtu.

Inafaa tueleze huyu Shangazi ni nani, maana kiwandani pale hata wanaume wenye mvi walimwita hivyo. Alikuwa fundi mkuu wa chumba cha marejesho, chumba kirefu cha ghorofa ya chini ambako kila kitu kilichouzwa kikaharibika kilirudi kutubu. Miaka thelathini na minne amekaa meza ile ile, na dirisha lile lile linalotazama ukuta. Jina alipewa na wasichana wa kuunganisha vifaa, kwa kuwa alikuwa akiwaingilia mambo yao kama shangazi wa kweli: nani amekonda, nani ameacha kucheka, nani ananuia kuolewa na mtu asiyefaa. Mkurugenzi wa kampuni nzima, aliyekaa ghorofa ya tatu, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Huko juu walimwita Mkurugenzi. Dada yake alimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na kwa sababu mama huyo alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka minne na dada mtu kumi na tisa. Kuanzia siku ile alimlea yeye.

Kampuni yenyewe ilianzishwa na baba yao, fundi redio aliyechoka kutengeneza redio za watu wengine akaamua kuunda zake. Alianza na ya sanduku la mbao. Ikaja ya plastiki, ikaja ya kaseti, ikaja yenye tochi ubavuni ambayo iliuzika kama njugu miaka ile umeme ulipokuwa ukikatika kila wiki. Kisha ikaja inayochaji simu. Kila watu walipobadilika, kampuni nayo ilibadilika, ila siku zote nyuma kidogo, kama mtu anayekimbiza kofia yake kwenye upepo. Mwisho simu ikameza kila kitu, redio na tochi na kaseti na hata saa ya kuamkia, na watu wakaacha kabisa kununua visanduku vya yule mzee, ambaye kwa bahati alikuwa ameshatangulia mbele ya haki asiyaone hayo.

Kitinda alipokalia kiti aliiambia bodi kwamba wameshindana na simu vya kutosha. "Simu ina kila kitu isipokuwa koo," alisema. "Tuwe koo lake." Akapendekeza wafunge aina nne kati ya sita za redio, nguvu zote ziende kwenye spika moja ndogo isiyotumia waya, inayobebeka kwa mkono mmoja, yenye sauti ya kujaza ua. Bodi iligawanyika katikati, na kura ya Mwenyekiti ndiyo iliyopitisha. Mwenyekiti, mzee aliyewahi kuuza betri pamoja na baba yao, alimwinamia Kitinda akamwambia mbele ya wote: "Nimekuamini, mwanangu. Lakini hii ikikwama, kiti hicho atakikalia mwingine, na redio zitauzwa pamoja na jengo." Spika ilipewa jina refu lenye tarakimu. Wasichana wa kuunganisha waliangalia umbo lake, shingo nyembamba na tumbo la duara, wakaiita Kibuyu, na baada ya mwezi hata wanabodi waliiita hivyo.

Sasa Vibuyu elfu nane vilikuwa vimejaa ghalani ndani ya maboksi yake, na uzinduzi ulikuwa Ijumaa.

Shangazi aliacha ile spika wazi mezani, akaenda ghalani, akachukua tatu mpya. Akaziweka juu ya rafu, akachomeka waya wa chaja, akavuta ghafla, jinsi mtu anavyovuta akijikwaa. Ya kwanza ilivumilia. Ya pili ikafa. Ya tatu ikafa. Akasimama pale na nyaya mkononi, karani wa ghala akamuuliza, "Shangazi, unacheza mchezo gani?"

"Mchezo wa kijinga," alijibu, akarudi chini.

Kulikuwa na desturi pale kiwandani, ya tangu enzi za sanduku la mbao. Kila kifaa kipya, kabla hakijaundwa kwa wingi, kilipelekwa kuishi siku thelathini nyumbani kwa mfanyakazi mmoja. Kiliitwa mgeni. Mzee alikuwa akisema maabara haina watoto, haina mvuke wa sufuria, haina mtu anayekalia kitu bila kukusudia. Anayetaka kumjua mgeni akalale naye nyumba moja. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," aliwaambia wanaokabidhiwa. "Na huyu mpeni jembe kwelikweli. Msimwonee huruma." Siku ya thelathini mwenyeji alijaza kadi ya njano: nini kiliharibika, siku gani, kwa sababu gani. Bila kadi, mashine za kuunganisha haziwashwi. Walishapewa mgeni dereva, mpishi wa kantini, mlinzi wa lango na makarani wasio na idadi. Shangazi hakuwahi kupewa. Jambo hilo lilimuuma kidogo, ingawa hakulisema, na zamu ya Kibuyu ilipofika na Kitinda akashuka mwenyewe ngazi kumletea, alifurahi kupita kiasi. Alikitandikia kitambaa juu ya kabati.

Wiki ya tatu, mume wake, dereva wa malori aliyestaafu na miguu yake mikubwa, alipita jikoni akitafuta miwani iliyokuwa usoni mwake. Mguu ukanasa waya. Kibuyu kikabembea, wimbo ukakatika. Shangazi wala hakukemea. Alitoa begi lake la vifaa, akafungua, akaona vile vijiguu vimenyanyuka, akavirudishia kwa tone la risasi ya kulehemia kila upande, akazungushia gundi ngumu, akafunga. Dakika kumi. Maji ya chai yalikuwa hayajachemka. Kwake yeye kilikuwa kitendo cha kawaida kama kupangusa meza.

Jioni ile ile Kitinda alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda mikutanoni tangu asubuhi. "Dada, mgeni anaendeleaje?"

"Mzima," alisema Shangazi. "Anaimba tu."

Wala haukuwa uongo, Kibuyu kilikuwa kinaimba wakati ule ule nyuma yake. Siku ya thelathini alijaza kadi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani: Hakuna hitilafu. Hapa lazima tuseme ukweli, ingawa tunampenda. Alikumbuka. Kalamu ikiwa hewani alikumbuka ule waya na ule mguu, akafikiria sauti ya mdogo wake kwenye simu, akajiambia kwamba kilichokwisha kutengenezwa si kibovu tena. Kisha akaandika.

Jumatatu hiyo alirudi nyumbani mapema, akakaa jikoni bila kuvua viatu. Mume wake alimsikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Kumbe mimi nilikuwa nafanya majaribio."

"Mguu wako ndio mtaalamu pekee aliyefanya kazi yake humu ndani," alisema Shangazi. "Mimi nikaenda kuufuta ushahidi."

"Basi kamwambie."

"Watamtoa. Ulimsikia Mwenyekiti?"

"Sikumsikia, uliniambia mara ishirini. Usipomwambia itakuwaje?"

"Zitarudi kwangu. Zikirudi nitazitengeneza."

"Elfu nane?"

"Nina mikono."

Mume wake aliacha kukuna kidevu. Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulipomwisha ilionekana wazi usoni. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Na hapa maradhi si yako wewe, mke wangu, ni ya kijana. Unamfichia ugonjwa wake mwenyewe."

Shangazi alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena. Wahenga walitwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutwambia lolote kuhusu mtu anayeziba nyufa za mwenzake kimya kimya, mwenye nyumba amelala, mpaka siku ukuta wote unapoondoka na paa.

Asubuhi alipanda ghorofa ya tatu. Hakuwa mtu wa kupanda huko, na katibu alisimama alipomwona, akafungua mlango bila kuuliza. Kitinda alikuwa amesimama dirishani na karatasi mkononi, anajisomea hotuba ya Ijumaa kwa sauti ndogo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Alipomwona dada yake alitabasamu kwa namna ambayo ilizidi kumvunja moyo.

"Karibu, Dada! Sikiliza hapa uniambie kama nimetia chumvi mno..."

"Kaa kwanza."

"Kuna msiba?"

"Kaa, Kitinda."

Akakaa. Shangazi akaweka mezani zile spika tatu, zile mbili zilizokufa kwa mvuto mmoja na ile ya maonyesho iliyo wazi, akamweleza yote, tangu mguu wa mume wake mpaka kalamu iliyokuwa hewani. Hakujitetea. Alipomaliza, huko chini ilisikika mashine ya kufunga maboksi ikigonga na kutulia, ikigonga na kutulia.

Kitinda aliinua ile spika wazi, akaitazama kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama barua. Ukweli ni kwamba alikuwa mhandisi kwa cheti tu. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa watu na mipango.

"Niliwaambia bodi," alisema taratibu, "kwamba kadi hii imesainiwa na mtu ambaye hajawahi kuniangusha. Ndivyo nilivyowaambia. Neno kwa neno."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia usiku ule? Nilikuuliza. Nilipiga simu nikakuuliza!"

"Ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa nimechoka?" Akasimama. Shangazi hakuwahi kumsikia akipaza sauti tangu utotoni, na hata sasa haikupanda sana, ila ilitetemeka. "Dada, nimeweka kampuni ya Baba juu ya kitu kimoja. Kimoja! Nimefunga meza nne za redio, nimewaangalia watu machoni nikawaambia wanivumilie. Na wewe ukanionea huruma kwa sababu nilikuwa nimechoka?"

Ndivyo ilivyokuwa.

Kitinda akatembea mpaka dirishani, akarudi. Kisha akauliza swali ambalo Shangazi hakulitarajia. "Kuna kingine?"

"Kingine kipi?"

"Ulichotengeneza, nisijue."

"Kitinda, hayo ya zamani hayana maana."

"Niambie."

Shangazi alitazama mikono yake. "Breki za baiskeli yako. Soli za viatu vya shule, kila Jumapili. Ile barua ya kwanza kwa mkeo, uliiacha mezani, nilisahihisha maneno mawili matatu." Angeweza kuishia hapo. "Na ile redio ya mashindano."

"Redio gani?"

"Uliyoiunda darasa la saba."

Kitinda alikaa tena. Redio ile ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la kioo nyuma ya kiti chake, na nishani yake imening'inizwa shingoni mwa antena. Kwa ajili ya redio ile baba yao aliwaambia watu wote kwamba mwana amezaliwa na mikono. Kwa ajili yake alipelekwa chuo.

"Iliyoshinda?"

"Viungo vitatu tu. Asubuhi ile haikuwa inatoa sauti, nawe ulikuwa unaoga."

Hakugeuka kuitazama. Uso wake ulifanya kitu ambacho dada yake alikijua tangu ukiwa uso wa mtoto wa miaka minne anayeuliza mama atarudi lini. "Maisha yangu yote," alisema, "sijawahi kuona kitu changu kikivunjika. Nikadhani mimi ni mtu mwenye bahati. Nimekwenda mbele ya bodi na bahati hiyo mfukoni, nikawaambia tujaribu. Kumbe sikuwa na bahati. Nilikuwa na dada."

Shangazi alilia. Alimpenda kuliko alivyowapenda wanawe aliowazaa, jambo ambalo mama haruhusiwi kulisema, na alikuwa amelionyesha kwa njia moja tu aliyoijua. Alinyoosha mkono kumshika bega. Kitinda hakuukataa mkono, ila hakuuegemea pia. Alibonyeza kitufe cha simu ya mezani, akamwomba katibu ampigie Mwenyekiti aje.

Mwenyekiti alifika kabla ya saa sita, akipumua kwa sababu ya ngazi, akakaa kwenye kiti cha wageni, fimbo katikati ya magoti. Kitinda alimwonyesha zile spika, akavuta waya wa mpya nyingine mbele yake. Ikafa kwa adabu, bila kelele.

"Kadi ilisema nini?" aliuliza mzee.

"Kadi ilisema hakuna hitilafu," alisema Kitinda. "Ni kosa langu. Mgeni alikaa kwangu siku nyingi kuliko..."

"Mgeni alikaa kwangu," Shangazi alimkata. "Usinitengeneze, Kitinda. Mwandiko ni wangu. Ilivunjika, nikailehemu, nikanyamaza."

Mwenyekiti aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha badala ya kufoka akaguna. "Nani alimpa fundi mgeni?"

"Mimi," alisema Kitinda. "Ndiye ninayemwamini kuliko wote."

"Miaka yote ile baba yenu hakumpa fundi mgeni hata mara moja. Madereva aliwapa, wapishi, hata mimi aliwahi kunipa. Fundi, kamwe. Mlidhani ni kwa nini?"

Walitazamana. Hawakuwahi kuliuliza.

"Nilimuuliza mimi. Akaniambia: fundi ukimpa kitu kibovu, anakurudishia kizima na hajui kama kilikuwa kibovu. Akasema binti yangu ndiye fundi bora niliyenaye, kwa hiyo yeye ndiye wa mwisho nitakayempa." Mzee alimgeukia Shangazi. "Hakukuambia?"

"Hakuniambia," alisema Shangazi. Miaka thelathini na minne alikuwa akidhani alisahaulika, kumbe alikuwa akisifiwa nyuma ya mgongo wake. Alitaka kucheka na alitaka kumwamsha baba yake amgombeze.

Mwenyekiti aligongagonga sakafu kwa fimbo. Uzinduzi haungeweza kuahirishwa, alisema, kwa kuwa mawakala wameshaanza safari, wengine watafika kesho. Ukumbi umelipiwa. "Lakini huwezi kuwapa hivi. Wakala akidanganyika mara moja, hata ukimletea jua atakuuliza linakaa na chaji saa ngapi. Utasimama mbele yao wewe mwenyewe, uwaambie. Wakikuelewa, nitawaambia bodi tukupe muda wa kurekebisha. Wakitoka, basi wametoka, na maneno yangu ya siku ile unayakumbuka."

"Nayakumbuka," alisema Kitinda.

Siku zile mbili zilizobaki Shangazi hakujua aweke wapi mikono yake. Alipitia ile hotuba kichwani mwake, akapata namna nzuri ya kuianza, yenye mzaha kidogo na unyenyekevu kidogo, akaiandika kwenye karatasi. Alhamisi jioni alimfuata mdogo wake kwenye maegesho ya magari, karatasi ikiwa mfukoni, akamkuta anafungua mlango.

"Kitinda, nilikuwa nafikiria, pale mwanzoni..."

"Dada." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliouma. "Nakuomba. Hii niache nayo ilivyo."

Alirudi na karatasi yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mawakala walikuwa watu wa maduka, waliozoea kuahidiwa. Walikaa mikono kifuani, chupa za maji mbele yao, wakiongea bei za vitu vingine. Shangazi alichagua kiti cha safu ya mwisho, karibu na mlango, mume wake pembeni. Mwenyekiti alikuwa mbele kabisa.

Kitinda alipanda jukwaani bila karatasi. Alikohoa. Akaanza vibaya. Alisema "ndugu mawakala" mara mbili, akasahau kuwashukuru kwa kuja, akasema "hitilafu" kabla watu hawajajua anazungumzia nini. Mtu wa safu ya pili akamwinamia mwenzake, wakacheka. Shangazi aliona kila skrubu iliyolegea katika hotuba ile. Alikuwa na maneno yote, yamepangwa, kinywani. Mume wake akaweka kiganja chake kikubwa juu ya mikono yake miwili, akaikandamiza pajani.

Kisha Kitinda akaacha kuongea, na hiyo ikamsaidia. Akachukua Kibuyu mezani, kikiwa kinaimba, waya wa chaja ukining'inia. Akauvuta. Wimbo ukakatika.

"Hivi ndivyo kitakavyokufa majumbani kwa wateja wenu," alisema. "Mtu atajikwaa, basi. Ninavyo elfu nane namna hii. Leo nilitakiwa kuwauzia. Sitawauzia."

Minong'ono ikapanda. Mtu wa mbele akasimama, akafunga koti, akatoka bila kuaga, na mwingine akamfuata. Shangazi aliwahesabu waliotoka, sita, saba, kila mmoja akimpita karibu na goti. Wengine walibaki, na hakuweza kujua kama ni kwa kuvutiwa au kwa kungoja chakula. Kitinda alisubiri mlango ufungwe. Akaendelea kuwaeleza, kwa lugha ya kukwama kwama, nini kimeng'oka na kwa sababu gani, na kwamba si kosa la wasichana wa kuunganisha bali la mchoro aliouidhinisha yeye.

Mama mmoja mwenye duka, mtu mzima, aliyeuza redio za baba yao tangu za mbao, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mimi nimekuelewa. Nieleze kitu kimoja. Mnaweza kukitengeneza, hamwezi?"

Kitinda alifungua kinywa. Kisha, kwa mazoea ya miaka arobaini, macho yake yakaondoka kwa yule mama, yakapita juu ya vichwa vya watu, safu kwa safu, yakitafuta nyuma ya ukumbi uso mmoja uliokuwa ukimjibia siku zote. Shangazi aliyaona yanakuja. Jibu alikuwa nalo, alikuwa analijua hata kwa dakika na kwa matone. Kichwa chake kilikuwa tayari kimeanza kutikisika kukubali.

Akainama. Alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti, akainama mpaka paji la uso likagusa mgongo wa kiti cha mbele, akafumba macho, akabaki huko akiwa na machozi yanayodondoka kwenye viatu vyake. Alingoja. Ukimya wa ukumbi ulikuwa mrefu kuliko alivyoweza kustahimili, akastahimili.

"Sijui bado," alisikia sauti ya mdogo wake, peke yake, kutoka mbali. "Nadhani tunaweza. Nipe miezi miwili, mama, nikupe jibu la kweli."

"Haya," alisema yule mama. "Nitangoja."